Fanicha ya Ngong Road, hewa ya Nyali: nani alipe?

Mgogoro wenyewe uko hivi. Kijana mmoja anayefanya kazi Nairobi alimwagizia mamake fanicha kwa fundi wa Ngong Road: meza ya kulia ya watu wanane, makabati mawili ya nguo na kabati la vyombo. Mbao saipresi, rangi ya kahawia iliyokolea, vanishi ya kung'aa. Mzigo ulipakiwa lori mwezi wa Februari, kesho yake ukashushwa Nyali, Mombasa, na mama akampigia mwanawe simu ya shukrani na dua nyingi. Kabla Mei haijaisha simu zikabadilika sauti. Milango ya kabati la chumba cha wageni haifungi. Droo za kabati la vyombo zimekwama, na moja imeng'oka kishikio kwa kuvutwa kwa hasira. Meza imepanda katikati. Ukiweka ndimu pale inabingirika mpaka ukingoni. Bawaba zimeshika kutu. Nyuma ya kabati, upande wa ukuta, kuvu ya kijani imeota.

Kijana alimrudia fundi akiwa ameshatoa hukumu: ameuziwa mbao mbichi, anataka pesa zake zote. Fundi naye akaja juu. Kuna seti nyingine kama hiyo, alisema, mbao za shehena moja, iko Kilimani, Nairobi hii hii, na mwenyewe hajawahi kulalamika hata kidogo. Mimi kazi yangu ni ya mbao na wote wawili wananifahamu, kwa hiyo niliombwa nitazame, nisikize, kisha niseme nani alipe nini. Ninayoyaandika hapa ni hoja nilizowapa, kwa sababu kesi kama hii naiona ikijirudia kila mwaka kati ya mafundi wa Nairobi na wateja wa Pwani, na karibu kila mara watu wanaanza kubishana mahali pasipofaa.

Tuanze na hilo dai la mbao mbichi, maana likisimama, mengine yote hayana haja ya kusemwa. Mbao mbichi zikikauka hunywea. Fanicha ya mbao mbichi utaijua kwa nafasi zinazofunguka: milango inalegea, maungo ya meza yanaachana, ubao unapasuka kwenye ncha, droo inacheza ndani ya kabati. Kule Nyali ilikuwa kinyume kabisa. Kila kilichoharibika kiliharibika kwa kubana. Tena kilibana kwa upana tu. Nilipopitisha kipande cha karatasi ngumu kuzunguka mlango wa kabati, juu na chini kilipita bila shida, lakini katikati, pale mbao mbili za milango zinapokutana, hakikuingia kabisa. Ubao haurefuki kwa maji. Hupanuka kuvuka nyuzi zake. Mlango uliobana ubavuni na kuacha nafasi juu ni mlango ulioingiwa na unyevu baada ya kutengenezwa. Mbao za fundi zilikuwa kavu. Kwa Mombasa, zilikuwa kavu kupita kiasi.

Kijana hakulipenda jibu hilo. Alidhani namtetea fundi.

Hesabu yake si ngumu. Ubao ukikaa kwenye hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 65, yaani hewa iliyobeba asilimia 65 ya mvuke inaoweza kubeba, hutulia ukiwa na maji ya kama asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Uhamishe kwenye hewa ya asilimia 80, utaendelea kunywa taratibu mpaka ufike kama 16. Kwa mbao nyingi, kila asilimia moja ya maji inayoingia huongeza upana kwa takriban robo ya asilimia. Asilimia nne zikiingia, upana umeongezeka kwa karibu asilimia moja. Meza ya mama ina upana wa sentimita 90. Asilimia moja ya hapo ni milimita 9. Saipresi ni mpole kuliko mbao nyingine nyingi, kwa hiyo tuseme 7. Milimita 7 ni nyingi mno pale ambapo fundi hakuacha hata moja.

Sasa kwa nini hewa ya miji hii miwili itofautiane hivyo, na ni safari ya lori ya takriban kilomita 480 tu? Watu wa Nairobi tukizungumzia Mombasa tunasema joto, na tukishasema joto tunadhani tumemaliza. Joto ni nusu ya habari. Nairobi iko karibu na ikweta kuliko Mombasa, kama digrii 1 na robo kusini, wakati Mombasa iko kama digrii 4. Kama ni kwa jua tu, sisi ndio tungeungua. Kinachotuokoa ni mwinuko: mji wetu umekaa kwenye mita 1,700 hivi, na huko Dagoretti inakaribia 1,800. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Ndiyo maana wastani wa mwaka Nairobi ni nyuzi 19 hivi na Mombasa 26 hivi, na ndiyo maana lori likiteremka kupita Mtito Andei na Voi utingo huanza kuvua sweta.

Lakini ubao hauna habari na jasho la utingo. Ubao unajali maji yaliyomo hewani. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba mvuke wa kama gramu 30 katika kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 18 inabeba kama 15 tu. Hewa ya Pwani, basi, ina kikapu kikubwa mara mbili, na kikapu hicho kiko juu ya bahari inayokijaza usiku na mchana. Nairobi, hasa alasiri za Januari na Februari, jua likiwaka na upepo ukiwa mkavu, unyevunyevu hushuka chini ya asilimia 50. Hapo ndipo mafundi wa kando ya barabara huanika mbao na kujivunia jinsi zinavyokauka upesi. Mombasa hata katika miezi yake mikavu haifiki huko. Usiku ukiingia Nairobi inapoa na asubuhi nyasi zina umande, kisha jua linafukuza kila kitu. Ubao unapata pumzi. Mombasa usiku wa Februari joto linabaki karibu nyuzi 24, na hakuna saa ya kukauka.

Na umbo la mji wenyewe linazidisha. Mombasa ya zamani ni kisiwa. Upande mmoja kimezungukwa na mkono wa bahari unaoingia mpaka Tudor, upande mwingine ni Kilindini na Port Reitz ambako meli kubwa zinatia nanga. Unavuka kwa daraja la Nyali kwenda kaskazini, Makupa kwenda bara, na feri ya Likoni kwenda kusini. Popote ulipo, maji hayako mbali. Mtu wa Changamwe atakwambia kwake ni bara, na ni kweli, ila bahari iko nyuma ya mgongo wake vilevile.

Kipengele kilichowachanganya wote wawili ni tarehe. Kijana alishikilia: fanicha ilikaa miezi kadhaa bila neno, basi kilichotokea Mei ni ubovu uliokuwa umefichwa. Mimi naisoma tarehe hiyo kwa kalenda ya pepo. Februari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki. Ni msimu wa jua kali na mvua karibu hakuna, ndipo Mombasa inapokuwa kavu kadiri inavyoweza. Fanicha ilishuka ikakuta mwezi wa huruma. Vanishi nayo haizuii unyevu, inauchelewesha. Aprili upepo ukageuka, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikaingia, na masika yakaanza. Wengi wa Nairobi hudhani mwezi wa mvua ni Aprili kwa sababu huku ndivyo ilivyo. Mombasa mvua kubwa ni ya Mei. Mwezi huo peke yake huleta zaidi ya milimita 200, katika mwaka wenye jumla ya kama milimita 1,000 na kidogo. Kwa hiyo mbao zilianza kunywa siku ya kwanza, zikanywa polepole Februari na Machi zikimaliza nafasi iliyokuwepo, halafu Mei ikazikuta zimeshabakiza milimita mbili tatu za uvumilivu.

Ushahidi uliomaliza ubishi niliukuta chumbani kwa mama. Nimesema makabati ya nguo yalikuwa mawili. Moja liko chumba cha wageni, madirisha wazi, upepo wa bahari unapita humo kutwa. La pili liko chumba cha mama ambamo mwanawe alimwekea kiyoyozi. Fundi mmoja, mbao za siku moja, vanishi ya kopo moja. La wageni halifungi. La mama linafungwa kwa kidole. Kiyoyozi kinapopoza hewa kinaikamua pia maji, ndiyo yale yanayodondoka kwenye bomba nje ya dirisha. Chumba cha mama ni kipande cha Nairobi kilichokodishwa Nyali. Nilimwita kijana kwa simu ya video nikamwonyesha milango yote miwili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Na kutu je?"

Kutu ni kesi nyingine, na kwa kweli ndiyo iliyonivutia zaidi.

Nilikuwa na sumaku ndogo mfukoni. Nikaipeleka kwenye bawaba ya kabati la vyombo, ikanasa pap. Bawaba ilikuwa ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya dhahabu, aina inayouzwa kwa mkono mmoja na vitasa na misumari. Ukiikwaruza kwa kisu unakuta weusi chini. Nairobi bawaba hiyo hukaa miaka mingi bila kumsumbua mtu. Nyali haikumaliza mvua moja. Lakini si zote zilikuwa na hali moja, na hapo ndipo penye somo la jiografia. Zilizoelekea sebule na roshani, upande wa bahari, zilikuwa zimevimba kutu hadi kwenye skrubu. Za upande wa jikoni, kuta mbili nyuma, zilikuwa na madoa tu. Mama mwenyewe aliniambia dadake anayekaa Tudor ana kabati lenye bawaba kama hizo hizo na halijamfanyia hivyo.

Pwani ya Mombasa imelala ikitoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, kwa hiyo uso wake unatazama kusini mashariki. Kaskazi huipitia pwani hiyo ubavuni. Kusi huijia usoni, na kusi ndiyo yenye nguvu. Mbele ya Nyali kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi. Maji yakitoka mwamba unaonekana na watu wanatembea juu yake. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, mawimbi yanapita juu yake na kuvunjika karibu zaidi na nyumba. Kila wimbi linapovunjika linarusha vitone vidogo mno, maji yake yanakauka hewani, chumvi inabaki ikipeperuka. Kadiri unavyokwenda mbali na mawimbi ndivyo inavyopungua, na ukuta mmoja tu unapunguza nyingi. Tudor ina maji ya bahari mlangoni lakini haina mawimbi. Ndiyo siri ya kabati la dadake mama.

Chumvi ikishatua kwenye chuma haingoji mvua. Unyevunyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi hujivutia maji yenyewe na kuyeyuka, chuma kikabaki kimelowa huku sakafu ni kavu. Mombasa hukaa juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Bawaba ya roshani ya Nyali, basi, inaishi kwenye maji ya chumvi ingawa haijawahi kunyeshewa. Dawa yake ni shaba, au stenlesi, na stenlesi yenyewe iwe gredi 316, kwa sababu ile 304 ya masufuria nayo huanza kutoa madoa mbele ya bahari.

Kuvu niliimaliza kwa sentensi chache. Kabati la wageni lilisukumwa likabana ukuta wa upande wa kusi, ukuta unaopigwa na mvua ya upepo Mei nzima. Mgongo wa kabati ni plaiwudi isiyopakwa chochote. Hapo kati hewa haipiti. Kuvu haikuhitaji mwaliko. Livutwe mbele upana wa kiganja, mgongo upakwe rangi, ukuta wa nje utazamwe nyufa.

Meza ndiyo iliyomtia fundi hatiani. Niliinama nikapitisha mkono chini yake: ubao mtupu, mkwaruzo wa msumeno bado unasikika kwenye vidole. Juu kuna vanishi mara tatu, chini hakuna hata tone. Upande wa chini ukanywa maji upesi, wa juu ukachelewa. Ubao ulio huru, ukipanuka chini kuliko juu, ungeinua kingo zake, si katikati. Lakini huu haukuwa huru: fundi alikuwa ameukaza kwenye fremu kwa gundi na skrubu kila baada ya shubiri, kingo zote nne. Ubao unataka milimita 7, umefungwa kila upande, utakwenda wapi isipokuwa juu? Huo ni ufundi mbovu hata kwa Nairobi. Huku ungechukua miaka kujionyesha, tena kwa kupasuka. Uso wa meza hufungwa kwa vipande vinavyouruhusu kuteleza, au tundu za skrubu hurefushwa kuelekea upana. Na hupakwa pande zote mbili. Hili fundi alilijua. Aliponiona nimeinama chini ya meza kwenye simu ya video, alisema tu, "Hapo umenipata."

Kwa pembeni: ukipita Mji wa Kale utaona milango ya zamani ya nakshi ina mbao mbili nyembamba zenye mfaa, ule mti wa wima, katikati. Wengine watazungumzia urembo na heshima ya nyumba, na wana haki. Mimi naona pia kwamba ubao wenye nusu ya upana hupanuka nusu tu, na mfaa unafunika nafasi iliyoachwa kati yao. Viti vya enzi navyo vimesukwa kwa kamba mgongoni na pa kukalia, hewa inapita, hakuna ubao mpana wa kuvimba. Mafundi wa huko hawakuhitaji hesabu yangu ya asilimia. Na sisi wa Ngong Road hatuna kisingizio, kwa sababu makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, barabara hiyo hiyo. Unyevunyevu wa Mombasa wa mwezi wowote unaweza kuuliziwa kwa miguu.

Hukumu yangu, basi. Pesa zote hazirudi, kwa sababu mbao hazikuwa mbichi na hakuna aliyedanganya. Meza ni ya fundi: aifungue, aikwangue, aipake chini, aifunge upya kwa vipande vya kuteleza, gharama yake yeye. Bawaba tunagawana. Risiti inaonyesha kijana alipewa bei ya shaba akaikataa, lakini risiti hiyo hiyo imeandikwa "Nyali", na fundi anayeandika Nyali kwa mkono wake anapaswa kumwambia mteja bawaba ya dhahabu bandia itamfanya nini. Kijana anunue vyuma vipya, fundi afunge bila malipo. Kuvu ni ya nyumba. Nauli ya fundi ya treni kwenda na kurudi, nusu kwa nusu. Hapo ndipo walipobishana zaidi kuliko mahali pengine popote.

Milango na droo ilibaki swali la wakati. Fundi alitaka ashuke Mei ile ile na randa, achukue milimita 5 aondoke. Nilimkataza. Mbao zilikuwa bado zinatembea, na ukiranda ubao unaotembea unakisia tu. Nilimwomba mama apige mstari wa penseli kwenye fremu, pale ukingo wa mlango unapofika, halafu kila Ijumaa atazame kama umesogea. Mwanzoni mwa Julai mstari haukusogea tena. Fundi alishuka, akamwamkia mama, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba na kupewa chai kabla ya lawama. Akaranda kidogo kidogo, akapaka vanishi ukingo mpya siku hiyo hiyo ili usinywe tena. Safari kubwa ya mbao zile ilikuwa ile ya Nairobi kwenda Nyali. Kati ya kusi na kaskazi Mombasa haibadiliki sana, kwa hiyo ikifika Januari nafasi itaongezeka kidogo tu, milimita moja au mbili, na mlango hautalegea.

Likabaki kabati la chumbani kwa mama, lile zima. Fundi alipokuwa anafunga vifaa vyake, mama akamwambia amechoka na bili ya stima na kiyoyozi anakizima kuanzia mwezi ujao. Fundi akanipigia simu palepale: alirande sasa au aliache? Mlango mmoja una upana wa sentimita 50. Hewa ya bahari ikiingia chumbani utataka milimita 4 hivi, na sasa una 2. Ukirandwa leo mama atakaa na mwanya unaoonekana mpaka mbao zivimbe. Usiporandwa, fundi atarudi kwa nauli ambayo haimo kwenye makubaliano. Mama aliisikia simu yote. "Randa, mwanangu," akasema, "mwanya nitauvumilia." Fundi akafungua tena mfuko wake.